Sanadi ya Tarakimu

Yapo maneno yasemwayo kwa sauti ya chini katika ofisi za mji wa Morogoro, na kwa sauti ya juu zaidi katika mabasi yatokayo Msamvu kwenda Dodoma au Dar es Salaam, ya kwamba Waislamu wa nchi hii hawapendi shule. Na msemaji, akiulizwa burhani yake, huacha ghafla lafudhi ya kejeli, hujikohoza, na hutoa hesabu. Atataja walioingia kidato cha kwanza, atataja waliohitimu chuo kikuu, atataja mikoa ya Pwani, Lindi na Mtwara iliyokaa mkiani mwa orodha za mitihani kwa miaka mingi, kisha atanyamaza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda kesi, maana kwake yeye tarakimu haina kabila wala madhehebu, na aliyeshitakiwa na tarakimu hana wakili. Nataka kumsikiliza mtu huyo kwa adabu mpaka mwisho wa maneno yake, halafu nimwulize swali moja ambalo wanavyuoni wa Kiislamu walilifanya kuwa ilimu kamili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: habari hii umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na huyo wa mwisho alikuwapo?

Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alizunguka miji ya Uajemi, Iraki, Shamu na Hijazi akikusanya riwaya za maneno na matendo ya Mtume, na sifa yake haikusimama juu ya aliyoyakubali peke yake, kwani sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kukataa. Neno lingaliweza kuwa tamu, la hekima, lenye kuafikiana na moyo wa kila mchaji, walakini kama katika mlolongo wa waliolipokezana alitokea mmoja mwenye kumbukumbu dhaifu, au asiyejulikana, au ambaye hakupata kukutana na yule aliyedai kumsikia, riwaya ilishushwa daraja yake. Tarakimu nayo ni riwaya. Yupo aliyehesabu, yupo aliyeamua nani ahesabiwe na nani aachwe, yupo aliyegawanya hii kwa ile, na yupo aliyeibeba mpaka basini. Na ajabu yangu ni kwamba watu wasiokubali uvumi wa ndoa ya jirani bila shahidi hukubali asilimia bila ya sanadi yoyote. Kwa Mkristo jambo si jepesi zaidi, kwani amri ya kutomshuhudia jirani uwongo haikuuachilia ule ulioandikwa kwa kila mia.

Basi tuanze na hiyo mia yenyewe. Ili mtu aseme kwamba katika kila Waislamu mia wa Tanzania Bara ni kadha wa kadha tu waliosoma, sharti ajue kwanza Waislamu ni wangapi, na jambo hilo halijaulizwa na serikali tangu sensa ya mwaka 1967, ambayo iliwakuta Wakristo na Waislamu wakiwa takriban theluthi moja kila upande, na waliobaki wakishika dini za jadi. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza dini. Kwa hiyo tunajua kwamba mkoa wa Morogoro ulikuwa na watu 3,197,104 mwezi Agosti mwaka 2022, tunajua wangapi ni wanawake na wangapi ni watoto, tunajua hata paa zao zimeezekwa kwa nini. Lakini hakuna afisa wa takwimu awezaye kusema kwa kiapo wangapi kati yao huswali na wangapi husali. Kitabu cha maelezo ya nchi za dunia kilichotolewa na shirika la ujasusi la Marekani kiliandika kwa miaka mingi kwamba Bara ina Wakristo 30 kwa kila mia, Waislamu 35, na wenye dini za jadi 35. Halafu, katika matoleo ya baadaye, kikaandika Wakristo zaidi ya 60 na Waislamu 35 kwa nchi nzima. Msomaji asiye makini angedhani kwamba taifa liliamka asubuhi moja likakimbilia ubatizoni. Kilichobadilika ni mkadiriaji na njia yake ya kukadiria. Hata hivyo magazeti yetu, vitabu vyetu na wahubiri wetu wa kila upande wamezinukuu zote mbili, kila mmoja akiichagua ile inayomridhisha.

Kama idadi ya chini haijulikani, ile ya juu nayo ina kasoro yake, na kasoro hiyo huonekana vizuri kuliko kwingine kokote katika milima ya Uluguru. Anayetaka kujua dini za waliofaulu, maadamu vyeti havitaji dini, huchukua orodha na kusoma majina: Juma na Fatuma huwaweka huku, Kosmas na Perpetua huwaweka kule, na mwisho hujumlisha. Lakini Mluguru huitwa Juma kwa kuwa alizaliwa Ijumaa, au Shabani kwa sababu ya mwezi aliozaliwa, au Salumu kwa kuwa mjomba wake, ambaye ndiye nguzo ya ukoo katika nchi inayofuata upande wa mama, aliitwa Salumu. Na kila aliyehudhuria matanga katika vijiji vya Mkuyuni au Kiroka amewaona ndugu wa tumbo moja, wa ukoo mmoja na wa shamba moja, hawa wakisoma dua uani, wale wakisali rozari barazani, na mjomba mmoja, ambaye jina lake halimwambii mgeni yuko upande gani, akizitawala shughuli zote mbili. Fauka ya hayo, kwa muda wa vizazi kadhaa mlango wa shule uliokuwa karibu ulikuwa wa misheni, na mtoto aliyeingia darasani akiitwa Mwinyimvua aliweza kutoka miaka minne baadaye akiitwa Kosmas, ama kwa kubatizwa kweli, ama kwa kuandikishwa jina jipya kwenye daftari akaendelea nalo hadi uzeeni, huku kwao akifunga Ramadhani na wenziwe. Hesabu ya majina humtia mtu huyu katika sifa ya Wakristo, na humwacha mdogo wake asiyesoma katika aibu ya Waislamu. Ni mtu mmoja na nduguye, wametenganishwa na kalamu ya mwalimu mkuu.

Nisieleweke vibaya. Pengo lipo, na mwenye kulikanusha hawasaidii watoto wake. Katika karne ya ishirini Waislamu wa Bara walikuwa wachache katika shule za sekondari na vyuo kuliko ilivyostahili wingi wao, na hilo hulijua kila mtu aliyepata kusoma shule ya bweni zamani hizo hata kama hana tarakimu ya kulipimia. Ugomvi wangu ni juu ya neno dogo linalopachikwa kati ya pengo na dini, yaani neno «kwa sababu». Pengo lina tarehe. Lina mwanzo, lina waliolichimba, na lina mahali. Na imani ya Uislamu, ambayo ilikuwako katika mwambao huu karne nyingi kabla ya pengo hilo kuwako, haiwezi kuwa sababu ya kitu ambacho kwa muda mrefu iliishi bila ya kukizaa.

Enzi ya Wadachi mashitaka yalikuwa kinyume kabisa. Serikali ya kikoloni, iliyofungua shule yake ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 na nyingine za namna yake katika miji ya pwani, iliwapata wanafunzi wake aghalabu miongoni mwa watoto wa Kiislamu, na kutoka kwao ikapata makarani, walimu na maakida waliopelekwa mpaka bara kukusanya kodi na kuamua mashauri. Muislamu alikuwa ndiye mwenye kalamu. Wamisionari walilalamika mpaka Berlin, na katika kongamano la ukoloni la mwaka 1910 hatari ya Uislamu ilijadiliwa kwa urefu, na sehemu ya hatari hiyo ilikuwa ni kwamba karani na akida Muislamu, kwa kusoma kwake na cheo chake, aliifanya dini yake itamaniwe na washenzi. Mwezi Oktoba mwaka 1913 Gavana Heinrich Schnee alizipelekea ofisi za wilaya waraka wa maswali juu ya kuenea kwa Uislamu na njia za kuuzuia, na miongoni mwa njia zilizotajwa ilikuwa kuwahimiza wenyeji wafuge nguruwe. Waraka huo uliangukia mikononi mwa majeshi ya adui wakati wa vita vikuu vya kwanza, na Waingereza hawakukosa kuutangaza. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa mwaka 1890 na kufa mwaka 1960 aliweza kusikia, katika umri wake mmoja, dini yake ikilaumiwa kwa kuwa na wasomi wengi mno na ikilaumiwa kwa kukosa wasomi, na wenye kulaumu mara zote mbili walikuwa na hesabu mkononi.

Kati ya lawama hizo mbili palitokea mambo mawili. La kwanza ni hati. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na barua za maliwali, mikataba ya mashamba, tenzi na hesabu za biashara zote ziliandikwa hivyo. Wadachi wenyewe walianza kutawala kwa barua za hati hiyo kabla ya kuihamishia serikali yao katika hati ya Kirumi, na Waingereza walipoingia waliikuta kazi imekwisha. Mzee aliyeweza kusoma barua ya mdeni wake na kuandika wasia wake akawa, kwa macho ya serikali, hajui kusoma, ingawa hakusahau hata herufi moja. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewakalisha watoto arobaini jamvini kila alfajiri hakuwa mwalimu katika taarifa za Idara ya Elimu, na watoto wake hawakuwa wanafunzi. La pili ni fedha. Baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita Tanganyika mwaka 1924, na baada ya serikali kukutana na wamisionari Dar es Salaam mwezi Oktoba mwaka 1925, sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti, na zilizokuwa tayari kuyatimiza zilikuwa za misheni. Sidhani kwamba kila aliyekaa mezani siku zile alikusudia kumdhulumu Muislamu. Walitafuta njia rahisi ya kusomesha watu wengi kwa fedha kidogo, nayo ikawa hivyo. Lakini aliyenyimwa ruzuku kwa sababu ya urahisi hana tofauti, miaka hamsini baadaye, na aliyenyimwa kwa makusudi.

Sasa tupande mlimani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga Mhonda katika nchi ya Nguru mwaka 1877, wakaja Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880, na kabla ya karne kwisha walikuwa wamekwisha kufika Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru. Baadaye wakapanda mpaka Mgeta, ambako baridi na rutuba viliwafaa wao na mboga zao. Mahali walipojenga palipata kanisa, zahanati, na darasa. Na kutoka katika kila kituo vilitoka vituo vidogo vya makatekista, vibanda vya miti vilivyoezekwa nyasi, ambamo mtu mmoja alifundisha sala na alfabeti kwa ubao uleule. Kinole, ambako ndiko kiti cha Kingalu, mtawala aliyesifika kwa mvua, Uislamu uliota mizizi. Na Uislamu wa Uluguru haukuja kwa njia ya dawati. Ulipanda na njia za misafara, na reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, na soko, na ndoa, na jando, na zikri za tarika ya Kadiria zilizoenea kutoka Bagamoyo kwa Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Mtu alisilimu kwa kutamka shahada mbele ya watu aliowaheshimu. Hakuhitaji kusoma kitabu, wala kuhudhuria miaka miwili ya mafundisho.

Hapo ndipo penye siri ya hesabu nyingi, na naomba msomaji anistahimili kidogo. Kwa Mkatoliki wa kizazi cha kwanza, ubatizo ulikuja mwishoni mwa kusoma. Kwa jirani yake Muislamu, dini ilikuja bila ya kusoma. Ukiwapanga kisha ukaona waliobatizwa wamesoma zaidi, umevumbua nini? Umewachukua waliopita mlango wa shule, ukawapa jina, ukawalinganisha na wale ambao hawakupewa mlango huo, ukashangaa kwamba wa kwanza wanajua shule. Shule ndiyo iliyozaa Mkristo, na mwenye takwimu husema Mkristo ndiye aliyezaa shule. Kosa hili la kugeuza mzazi kuwa mtoto si la wajinga. Nimelikuta katika maandishi ya watu wenye shahada za juu.

Lipo na kosa la pili, ambalo huweza kumdanganya hata mtu mwaminifu mwenye hesabu sahihi kabisa. Tubuni tarafa mbili, kwa mfano tu. Ya juu ina shule nzuri, na watoto wake mia ni Wakristo 80 na Waislamu 20. Nusu ya kila kundi wanafaulu, yaani Wakristo 40 na Waislamu 10. Ya chini ina shule mbovu yenye mwalimu mmoja, na watoto wake mia ni Wakristo 20 na Waislamu 80. Mmoja katika kila watano anafaulu, yaani Wakristo 4 na Waislamu 16. Katika tarafa zote mbili hakuna tofauti yoyote kati ya dini na dini, hata ya mtoto mmoja. Jumlisha sasa: Wakristo mia, wamefaulu 44, Waislamu mia, wamefaulu 26. Pengo kubwa limezaliwa mahali ambapo hapakuwa na pengo, na kila tarakimu iliyotumika ni ya kweli. Vivyo hivyo, mtu akiketi katika soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro akahesabu mikungu ya ndizi iliyoshushwa siku ambayo mvua imeikata barabara ya Kinole, ataandika kwa haki kabisa kwamba ndizi za Kinole ni chache. Akiongeza kwamba ardhi ya Kinole haizai, amevuka kutoka hesabu hadi kashfa, na daftari lake halitamwonya.

Upande wa watoto wa kike jambo hili huwa chungu zaidi. Husemwa kwamba binti wa Kiislamu hutolewa shuleni mapema kwa kuwa dini yake humtaka mke kabla hajawa msomi, na ushahidi huletwa kutoka wilaya za Morogoro ambako wasichana walikuwa wakipungua madarasani kila walipokaribia darasa la sita na la saba. Lakini kuwekwa ndani kwa mwali ni desturi ya Waluguru wenyewe, iliyotangulia msikiti na kanisa. Msichana aliyevunja ungo alifichwa nyumbani kwa miezi, na zamani hata zaidi, akafundwa na wakubwa wake, kisha akatolewa kwa ngoma. Mapadre wa Matombo waliishindania desturi hiyo na waumini wao kwa miongo mingi, na Wakatoliki walioweka mwali ndani hawakuwa wachache. Desturi moja, ukoo mmoja, milima ileile. Ila binti wa Muislamu akikosa darasani husemwa ni dini, na binti wa Mkatoliki akikosa husemwa ni mila. Nimewahi kulisema hili mbele ya mtu aliyeelimika, akanijibu kwamba Uislamu basi umeshindwa kuiondoa mila mbaya. Nikamwuliza kama kanisa liliweza, akabadili mazungumzo.

Na ikiwa msomaji hataki kuamini milima, ateremke mpaka baharini. Zanzibar, ambayo wakazi wake karibu wote ni Waislamu, imetoa elimu bila ya ada tangu Mapinduzi ya mwaka 1964, na sensa ya mwaka 2012 iliikuta na sehemu kubwa zaidi ya watu wanaojua kusoma na kuandika kuliko Bara. Kama Kurani ingekuwa kizuizi cha kalamu, kizuizi hicho kingeonekana kwanza kabisa mahali ambapo Kurani husomwa kila nyumba. Kinyume chake, sehemu za Usukuma, ambako Waislamu ni wachache, zilikaa miaka mingi na mahudhurio haba, kwa kuwa ng'ombe walihitaji wachungaji. Wala sikupata kusikia mtu akiitafutia Shinyanga aya ya kuilaumu.

Swali lililobaki ni la kidini hasa, nalo ni kama inafaa kuipima imani kwa wastani wa wenye kuifuata. Dini zote mbili zinakubaliana kwamba siku ya hesabu kila nafsi itasimama na mzigo wake yenyewe, wala haitabebeshwa wa mwingine. Na mimi sioni jinsi mtu anayelikubali hilo msikitini au kanisani anavyoweza kulikana basini, akimchukua mtoto mmoja wa Mvuha, ambaye hajamjua wala hajamwona, akamvika tabia ya mamilioni. Wastani hauna nafsi. Hauswali, hauzini, hautoroki shule. Ni umbo lililotengenezwa na mwenye kuhesabu kwa kazi zake, lenye manufaa makubwa kwa mwenye kujenga madarasa na kugawa walimu, na lisilofaa kitu kwa mwenye kutaka kujua kama mtu fulani ni mvivu. Kuhukumu kwa dhana kumekatazwa katika Kurani kwa maneno makali, na dhana haigeuki kuwa yakini kwa kuongezewa nukta ya desimali.

Insafu yanitaka niwageukie na Waislamu wenye lawama za namna hiyohiyo. Wapo wasemaji wa mihadhara wanaotamka kwamba Waislamu ni sitini, na wengine sabini, kwa kila mia ya Watanzania. Wapo wanaosoma orodha za mawaziri, majaji na wakurugenzi, wakayahesabu majina, wakatoa hukumu ya njama. Na hao wanatumia mizani ileile iliyowadhulumu, majina juu na makisio chini. Mwaka 2012 baadhi ya jumuiya za Kiislamu zilitaka sensa ya tarehe 26 Agosti iwekewe swali la dini, na ziliponyimwa zikawahimiza watu wao wakatae kuhesabiwa. Dai lao la kwanza lilikuwa la maana. La pili lilikuwa hasara tupu, kwani kijiji kinachojificha kwa karani wa sensa hakipati swali la dini, na hupungukiwa pia madarasa na zahanati zinazopangwa kwa idadi ya vichwa. Hata hivyo siwezi kuwacheka kwa shaka yao. Mwaka huohuo Baraza la Mitihani lilikiri kwamba palitokea kosa la ukokotoaji katika matokeo ya kidato cha sita ya somo la elimu ya dini ya Kiislamu, na alama zikarekebishwa. Na lau wenye somo hilo wasingepiga kelele, matokeo yale yangekuwa leo tarakimu halali katika jedwali la mtu, yenye muhuri, ikithibitisha kwamba vijana wa Kiislamu hawaijui hata dini yao.

Milango ilifunguliwa kisheria mwishoni mwa miaka ya 1960, shule za misheni zilizosaidiwa na serikali zilipotaifishwa. Hapa Morogoro, Marian College ya masista wa Maryknoll ikawa Kilakala, shule ya wasichana wa dini zote. Lakini mlango ukifunguliwa, huingia kwanza aliye karibu nao, na mtoto wa mama aliyesoma yuko karibu kuliko mtoto wa mama asiyesoma, hata wakikaa nyumba zilizopakana. Hivyo pengo la mwaka 1930 likarithiwa mwaka 1980 bila ya sheria yoyote kulisukuma. Waislamu walipopewa majengo yaliyokuwa chuo cha shirika la umeme, wakafungua mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, wapo waliosema wamechelewa. Wamechelewa kweli, na chuo hicho hupokea wanafunzi wa dini nyingine pia, jambo ambalo wasemaji hao hulisahau.

Tangu mwaka 2004, chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, serikali imejenga shule za kata mpaka katika mabonde ambayo zamani hayakuwa na darasa la sekondari wala ndoto yake, na kwa hilo milima ya Uluguru imewekwa katika jaribio ambalo hakuna mtaalamu aliyelipanga. Kama imani ndiyo iliyowazuia watoto, pengo litabaki pana palepale ingawa shule imesogea. Kama ni umbali, ruzuku na mama asiyesoma, litapungua kadiri shule inavyosogea, na litakawia zaidi kwenye nyumba ambazo mama hakusoma, awe Muislamu au Mkatoliki. Daftari za mahudhurio zipo, njia za miguu zinapimika, koo zinajulikana. Mimi ningependa sensa ijayo iulize dini, maana giza la tangu mwaka 1967 limewanufaisha wasengenyaji kuliko raia; ila fomu hiyohiyo, kwa kila mtoto, iulize na mama yake alifika darasa la ngapi, na shule ya karibu iko mwendo gani kutoka mlangoni kwake. Yakiulizwa matatu hayo pamoja, na yakachapishwa pamoja, sitakuwa na neno. Likiulizwa la dini peke yake, nitasimama na wale wasemao lisiulizwe.